Besi ya sura ya kizamani ikigoma: tafuta ugonjwa kabla ya kushika bisibisi

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, jioni yenye ile baridi ya Mbeya inayoingia hadi kwenye kucha, kijana wa kwaya aliingia kibandani kwangu Mwanjelwa na gitaa la besi mgongoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Karibu kiti."

Hakukaa. "Fundi, pikapu imeungua, na kesho tuna ibada mbili."

Nikamuuliza nani kampa taarifa hiyo kuhusu pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi. Fundi redio wa mtaani kwao, akasema, na bei ya pikapu mpya kutoka Dar ameshatajiwa. Nikachomeka kebo: kimya. Nikasogeza kiswichi kidogo kilicho kati ya nobu, ambacho mwenyewe alidhani ni pambo, nikapiga uzi wa E. Kopo la skrubu lililokuwa juu ya amplifaya likaanza kutembea. Betri ilikuwa imekwisha, basi.

"Ndaga fijo," akasema. Halafu akauliza kwa sauti ya chini: kumbe gitaa lina betri?

Swali hilo ndilo limenifanya niandike. Besi za aina ile siku hizi zimejaa kwenye kwaya na bendi zetu, kuanzia Tunduma mpaka Iringa: mwili wa kahawia unaofifia kuwa manjano katikati, bamba lenye madoa ya gamba la kobe, vyuma vya kromu. Ukiitazama kwa mbali unaona Jazz Bass ya Fender iliyotoka mwaka 1960. Ile ya asili haikuwa na betri wala haikuihitaji. Hizi za leo ndani mna priampu, kikuza sauti kidogo kinachotumia betri, jambo ambalo besi ya Music Man StingRay iliwazoesha wapigaji kuanzia mwaka 1976. Sura ya babu, tumbo la mjukuu. Na magonjwa yake mengi yanaanzia hapo, kwa sababu mwenye nayo anaitunza kama ya babu.

Neno moja kuhusu hiyo pikapu "iliyoungua". Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa uzi wa shaba mwembamba kuliko unywele. Hakuna umeme wa ukutani unaopita humo wa kuiunguza. Uzi wake unaweza kukatika, lakini mimi huifikiria mwisho kabisa, na ukiwa na mita ya umeme unaweza kuipima bila kufungua hata skrubu moja. Nitaonyesha.

Kimya kabisa

Badilisha kebo kwanza. Najua umeshaambiwa, badilisha tu. Kisha angalia nobu ya sauti imefunguliwa, na sogeza kile kiswichi upande wa pasivu, yaani upande ambao pikapu zinakwenda moja kwa moja kwenye jeki, lile tundu la kebo, bila kupita kwenye priampu. Sauti ikirudi, pikapu zako ni nzima, jeki ni nzima, kebo ni nzima. Kilichobaki ni betri au priampu, na mara nyingi sana ni betri.

Betri ya volti 9 ya alkali ikiwa mpya husoma 9 na zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 8, mimi naitoa. Wengine huipima kwa ulimi. Betri iliyochoka nusu bado inauma ulimi vizuri tu, kwa hiyo kipimo hicho ni cha kujidanganya. Unapoinunua, zishike mbili mkononi ulinganishe: ya alkali ni nzito, ile ya bei ya chini ni nyepesi na haitafika mbali.

Sasa, kwa nini zinakwisha haraka? Kwenye besi hizi hakuna swichi ya kuzima. Ukichomeka kebo, umewasha. Ukichomoa, umezima. Kwaya nyingi huimaliza ibada, wakaifunika besi kitambaa ikiwa na kebo yake, wakaenda zao hadi mazoezi ya Alhamisi. Tuseme priampu inakula miliampea moja na betri ina miliampea-saa 500: hiyo ni saa 500, siku 20 hivi. Jumapili tatu na betri imekwenda, hata kama mmepiga nyimbo nne tu. Chomoa kebo upande wa gitaa.

Ikiwa imekaa kimya pande zote mbili za swichi, ndipo mita inaingia kazini. Weka swichi upande wa pasivu, nobu ya sauti ifunguke yote, nobu ya kuchanganya pikapu izungushwe yote upande mmoja. Chomeka kebo kwenye besi, na ile ncha nyingine usiipeleke kwenye amplifaya: weka mita kwenye omu, eneo la 20k, gusa ncha ya plagi ya kebo kwa waya mmoja na shina lake kwa mwingine. Pikapu moja ya mtindo wa Jazz husoma kati ya kiloomu 7 na 8. Ya mtindo wa Precision, ile iliyokatwa vipande viwili, husoma zaidi, 10 hadi 12. Ukiona namba hizo, mwambie anayekuuzia pikapu kwamba asante, hapana. Mita zile za njano zikionyesha 1 peke yake upande wa kushoto, maana yake njia imekatika mahali. Zungusha nobu upande wa pili upime ya pili. Zote mbili zikisoma 1, si pikapu. Pikapu mbili hazifi siku moja. Ni jeki au waya wake.

Inakoroma kama spika iliyochanika

Hii iliigharimu kwaya moja pesa ya bure, nami nilihusika kwa kuchelewa kuulizwa. Besi ilikuwa inatoa sauti nzuri ikipigwa taratibu; ikipigwa kwa nguvu, hasa nyuzi za E na A, inakoroma. Wakaamua spika imechanika. Wakaishusha, wakaipeleka kubadilishiwa karatasi, wakairudisha. Mkoromo uko pale pale.

Betri inayokaribia kufa haizimi sauti ghafla. Inaanza kwa kushindwa kubeba mawimbi makubwa, na mawimbi makubwa ya besi ni ya noti za chini. Kwa hiyo noti nyepesi zinapita salama, nzito zinakatwa vichwa. Sogeza swichi kwenye pasivu: mkoromo ukitoweka, spika yako haina kosa.

Betri ikiwa mpya na bado inakoroma, tazama nobu ya besi, ile ya kuongeza sauti nzito. Wengi huizungusha yote kulia wakidhani ndipo utamu ulipo, halafu kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, nako besi imepandishwa, na kwenye amplifaya vilevile. Nobu za priampu nyingi zina kijishimo katikati unachokihisi kidoleni. Pale katikati haiongezi wala haipunguzi. Rudisha zote tatu katikati, kisha uongeze kidogo unachokikosa. Kwa chumba cha kanisa chenye bati na saruji, mimi huwa naipunguza besi na kuongeza mid, yaani sauti za kati, kidogo. Mpigaji hulalamika siku ya kwanza. Waimbaji hawalalamiki.

Inakatika-katika ukisogea

Nati ya jeki imelegea, jeki inazunguka pamoja na kebo, na nyaya zilizo ndani zinajisokota mpaka mmoja unaachia. Wakati wa kukaza, fungua bamba na ushike jeki kwa ndani kwa vidole. Ukikaza kwa nje tu unazidi kuzisokota.

Na hapa kuna mtego. Jeki ya besi yenye betri ni ya stirio, ina miguu mitatu, ingawa sauti yenyewe ni ya mono. Mguu wa tatu ndio unaofunga njia ya upande hasi wa betri pale kebo inapoingia. Nimeletewa besi ambayo jeki ilibadilishwa ikawekwa ya mono, ile ya miguu miwili, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo dukani. Fundi akabaki na waya mweusi mkononi, akaona autie pamoja na ethi, yaani waya wa ardhini, akalehemu vizuri kabisa, kazi safi. Kuanzia siku hiyo betri ilikuwa inafanya kazi usiku na mchana, kebo iwepo isiwepo. Mwenye besi alikuwa ananunua betri kama anavyonunua vocha.

Muungurumo

Kabla ya kulaumu chochote, sikiliza muungurumo wenyewe ni noti gani. Umeme wetu unatetemeka mara 50 kwa sekunde. Bonyeza freti ya 3 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) kwenye uzi wa E, hiyo ni G, mara 49 kwa sekunde. Muungurumo wako ukikaa karibu na noti hiyo, au oktava yake ya juu ambayo ni uzi wa G ukiwa wazi, unatoka kwenye umeme wa jengo. Ukiwa ni mluzi mwembamba au mchakacho kama mahindi kwenye kikaango, tafuta taa, chaja ya simu au kitu kingine kilichochomekwa karibu.

Kisha fanya majaribio haya ukiwa umevaa besi.

Zungusha nobu ya kuchanganya pikapu hadi katikati. Muungurumo ukipungua sana pale katikati na kurudi ukienda upande wowote, besi yako haina ugonjwa. Pikapu za mtindo wa Jazz za koili moja huzungushwa kwa mielekeo inayopingana ili zikipigwa pamoja, kwa kiasi sawa, zifutiane muungurumo. Ukitaka pikapu moja peke yake, unakubali na kelele yake, kama walivyokubali waliozipiga miaka ya 1960.

Geuka taratibu kama mtu anayetafuta mtandao wa simu. Ukipungua ukitazama upande fulani, pikapu inaokota uga wa sumaku kutoka kwenye transfoma, feni au taa. Sogea mita mbili kutoka kwenye amplifaya.

Gusa nyuzi kwa kiganja. Muungurumo ukipungua, waya wa ethi unaokwenda kwenye briji, kile chuma kinachoshikilia nyuzi mwilini, uko salama, na mwili wako ndio uliokuwa antena. Dawa yake ni kupaka rangi ya kaboni au kubandika karatasi ya shaba ndani ya mashimo ya pikapu na nobu, ukahakikisha imeunganishwa na ethi. Usipobadilika kabisa, fungua ukautafute ule waya chini ya briji. Ukiongezeka unapogusa, shuku jeki: nyaya mbili zimelehemiwa kinyume, au ethi ya briji imeachia.

Chomoa kebo kwenye besi uiache ikining'inia, kisha uichomoe kwenye amplifaya. Muungurumo ukiendelea baada ya hapo, besi yako isamehe. Tatizo ni mikisa, amplifaya au nyaya za jengo.

Sasa lile la hatari, na hili nalisema bila mzaha. Ukiwa umeshika nyuzi, mdomo ukagusa maikrofoni, ukahisi mtekenyo au kuumwa kama na siafu, acha kupiga. Si besi. Ina maana kati ya amplifaya yako na mikisa kuna tofauti ya volti, na wewe ndiye waya unaoziunganisha. Umeme wetu ni volti 230. Nimekutana nalo kwenye mkutano wa injili wa uwanjani, jenereta imewekwa juu ya matofali bila ethi yoyote, amplifaya ikachomekwa kwenye jenereta na mikisa kwenye nyumba ya jirani. Zimeni vyote, vyombo vyote vichukue umeme sehemu moja, na ethi iangaliwe na fundi umeme, si mimi fundi magitaa. Na yule anayekata au kuacha kuunganisha waya wa ethi kwenye plagi "ili muungurumo uishe", kweli unaisha. Kinachobaki ni kwamba siku chombo kikivuja umeme, njia pekee ya kwenda ardhini ni mpigaji.

Nobu hazifanyi kitu, au sauti imekuwa nyembamba

Nobu za besi, mid na trebo hazifanyi kazi upande wa pasivu. Zimepumzika. Kama besi yako ina nobu ya toni ya kizamani, hiyo tu ndiyo inayobaki, na hiyo hupunguza trebo peke yake. Haina uwezo wa kuongeza chochote. Nusu ya malalamiko ninayoyapata hapa yanakwisha kwa sentensi hiyo.

Nobu ikikwaruza ikizungushwa ni vumbi, na Mbeya ya mwezi wa tisa inalo la kutosha. Puliza dawa ya kusafishia vifaa vya umeme kwenye kijitundu cha volyumu (mafundi redio wanaiita volyumu hata ikidhibiti trebo, nami nimezoea), zungusha mara ishirini. Isiwe ile dawa ya kulegeza nati zenye kutu. Inaacha mafuta yanayokamata vumbi zaidi.

Wembamba wa sauti ni habari nyingine. Kila pikapu ikipigwa peke yake ni nzito na nzuri, ukiziweka pamoja katikati besi inapotea, inabaki sauti ya puani kama mtu mwenye mafua ya Makete. Hapo mtu alifungua, akarudisha nyaya za pikapu moja kinyume, na sasa moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Badilishana nyaya mbili za pikapu moja tu. Kabla ya kulehemu, hakikisha mfuniko wa chuma au bamba la chini la pikapu hiyo halijaungwa na mmoja wa nyaya hizo, la sivyo utaondoa tatizo moja na kuleta muungurumo.

Kama nobu yako moja inavutika juu, ivute usikie: kwa baadhi ndiyo inayozipanga pikapu moja nyuma ya nyingine, sauti inakuwa kubwa na mid inanenepa. Kuna mtu aliniletea besi kwa ajili ya "sauti kuongezeka yenyewe". Mkanda wa koti ulikuwa unaivuta.

Noti zinakufa mapema

Funua kile kifuniko cha kromu juu ya briji, kama kipo. Besi za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na sponji chini yake ya kuzima nyuzi, na baadhi ya hizi za kuiga zinakuja nayo. Kwa nyimbo za dansi la zamani ni tamu, noti inapiga du na kwisha. Kwa pambio za siku hizi, itoe.

Noti ikifa mahali pamoja tu, freti ya 5 hadi 7 ya uzi wa G, hiyo ni tabia ya shingo za mtindo huu na hata zile za asili zinayo. Usilipie mtu kuitibu.

Nyuzi zilizochakaa nazo hufa. Watu huzichemsha kwenye sufuria, na kweli zinaamka, kwa sababu jasho na mafuta yanatoka kwenye mizunguko. Zinalala tena baada ya wiki chache. Mimi pia nimezichemsha, sitamcheka mtu.

Uzi unagonga freti

Nyanda za juu zinaipa shingo ya besi tabu isiyoonekana. Kutoka Mei hadi Oktoba hewa ni kavu. Mbao zinasinyaa, shingo inaweza kunyooka au kupinda kwenda nyuma, na nyuzi zinaanza kugonga freti za mwanzo, ya 1 hadi ya 5. Mvua zikianza mbao zinavimba, shingo inaweza kuvutwa mbele, nyuzi zinapanda juu mpaka vidole vinauma. Aliyeishi Tukuyu na mvua zake anajua mlango wa mbao unavyogoma kufunga Machi. Shingo ni mlango ule ule, mwembamba zaidi.

Pima hivi. Tyuni kwanza. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja, na kwa mwingine pale shingo inapoungana na mwili. Tazama nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Inatakiwa milimita 0.3 hivi, unene wa kadi ngumu ya mchango wa harusi, na hizo hakuna nyumba isiyo nazo. Kadi haipiti: shingo imenyooka mno. Inapita na nafasi inabaki: imepinda mno.

Marekebisho ni kwenye nati ya chuma kilicho ndani ya shingo. Ukiitazama nati, kulia inanyoosha shingo, kushoto inailegeza. Robo mzunguko, si zaidi, kisha iache ilale hadi kesho. Shida ya hizi zenye sura ya kizamani ni kwamba kwa baadhi yake nati iko upande wa mwilini, kama zilivyokuwa zile za asili. Inabidi ulegeze nyuzi na kufungua skrubu nne za shingo ndipo uifikie. Ikigoma, usiilazimishe.

Kugonga kukiwa freti za juu tu, pandisha vitanda vya nyuzi kwenye briji. Kukiwa noti moja tu, kuna freti moja iliyoinuka.

Besi iliyotoka Njombe alfajiri kwenye buti la gari itakuwa imepanda sauti, kwa kuwa chuma kikipoa kinajikaza, na baada ya wimbo mmoja mikononi itashuka. Iache kwenye mfuko wake nusu saa ndani ya jengo, ndipo utyuni. Na ncha za freti zikianza kukwaruza kiganja mwezi wa tisa, huo ndio wakati wa kuzipiga tupa. Ukisubiri mvua, ubao utavimba na kuzificha, utadhani zimepona, na mwakani mwezi kama huo utakuwa umerudi kwangu na mkono uleule.